Mwongozo Kamili: Kuwapeleka Watoto Wadogo Kwenye Michezo ya Maji kwa Mara ya Kwanza, Kutoka Dodoma Hadi Dar es Salaam

Kila likizo ya Juni na ya Desemba inapomalizika, malalamiko ya wazazi wa Dodoma huwa yaleyale. Mtoto alikataliwa kupanda mtelezo alioungoja mwezi mzima; mdogo wake alisinzia saa sita mchana akiwa bado amelowa; nusu ya siku iliishia kwenye foleni ya magari; na fedha ya chakula ilikwisha kabla ya jioni. Chanzo cha haya yote ni kimoja: safari ilipangwa kwa kufuata picha za mitelezo mirefu zilizoko mtandaoni, wakati ilipaswa kupangwa kwa kumfuata mtoto mdogo kuliko wote katika familia, yaani kimo chake, usingizi wake, tumbo lake na woga wake.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku tatu kwa familia yenye watoto wa kati ya miaka 2 na 8, inayokwenda kwenye kituo cha michezo ya maji cha Kunduchi Wet 'n' Wild, kilichoko pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam. Anayependelea Fun City ya Kigamboni atafuata hatua hizihizi, ila atabadilisha mahali pa kulala na njia ya kufika. Wenye uwezo wa kufikiria Dubai au Disneyland ya Paris nao wanaweza kuanza hapa, kwa kuwa hesabu ni ileile, na ni afadhali mtoto ajifunze kupanga foleni Kunduchi kuliko kujifunza jambo hilo kwa nauli ya ndege.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Andaa futi kamba ya fundi cherehani, daftari, na kalamu ya wino usiofutika kwa maji.

Kwa kila mtoto andaa nguo mbili za kuogelea za kitambaa chepesi kisichonyonya maji, kwa sababu vituo vingi vya michezo ya maji havipendi fulana za pamba wala kaptura za jinzi, ambazo huwa nzito zikilowa na huchafua maji. Chagua rangi zinazopiga kelele, kama chungwa au waridi kali. Nguo ya buluu, nyeupe au kijivu humpoteza mtoto machoni mwako mara tu anapozama chini ya uso wa maji, na hilo pekee linatosha kuiacha dukani hata kama bei yake ni nzuri.

Ongeza taulo, kofia, kandambili zisizoteleza, losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, sweta kwa ajili ya ndani ya treni, pampasi za kuogelea kwa asiyejua kuomba kwenda chooni, paketi za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), dawa ya homa uliyoelekezwa na mhudumu wa afya, kadi ya bima ya afya, na chandarua chenye dawa ikiwa huna hakika na mahali mtakapolala. Kama kuna mtoto asiyejua kuogelea, tafuta jaketi la kujiokolea linalolingana na uzito wake. Maboya ya kuvaa mikononi ni vitu vya kuchezea tu. Yanachomoka, yanapasuka, na humpa mzazi utulivu asiostahili kuwa nao.

Hatua ya 1: Pima kimo cha kila mtoto

Mvue mtoto viatu, msimamishe akiwa amegusisha visigino ukutani, weka kitabu kigumu kichwani kikiwa sambamba na sakafu, tia alama, kisha pima kutoka sakafuni. Andika kimo hicho daftarini kwa sentimita.

Sababu ni kwamba michezo ya kasi hupangwa kwa kimo, wala si kwa umri au ushujaa. Mkanda na chuma cha kumzuia abiria kwenye bembea kubwa vimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na bwawa lililo chini ya mtelezo lina kina ambacho mtu mfupi hawezi kusimama ndani yake. Mitelezo na bembea nyingi za kasi duniani huweka kikomo kati ya sm 100 na sm 140. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 3 huwa na wastani wa sm 95 au 96, na wa miaka 5 huwa na takribani sm 110. Maana yake ni kwamba mtoto wako wa chekechea, hata awe hodari namna gani, hatapanda mtelezo unaodai sm 120, na ni vyema akalijua hilo akiwa sebuleni kwenu Area C kuliko akalijulia juu ya ngazi mbele ya watoto wenzake.

Onyo: usimvalishe viatu vya soli nene wala usibishane na mhudumu anayesimamia mchezo. Anayeshinda ubishi huo ndiye atakayelipa.

Utajua umefanikiwa pale mtoto mwenyewe atakapoweza kumweleza bibi yake ni michezo ipi ataingia na ni ipi anaisubiri mpaka arefuke.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kuangalia mvua, shule na sikukuu

Wakazi wa Dodoma tumezoea msimu mmoja wa mvua, tunasahau kwamba Dar es Salaam ina masika kati ya Machi na Mei na vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Likizo ya Juni huangukia baada ya masika, hali ya hewa ya pwani ikiwa ya upole kuliko miezi mingine, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa safari ya kwanza. Desemba kuna joto zito lenye unyevu, na mtoto aliyezoea ukavu wa nyanda za juu za Dodoma, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, huchoka upesi.

Lenga siku za katikati ya juma. Epuka sikukuu za Iddi, Krismasi na Mwaka Mpya, na uziangalie pia siku za Sabasaba, kwa kuwa maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam hujaza vyumba vya kulala na barabara kabla na baada ya tarehe 7 Julai. Umati ni usumbufu kwa mtu mzima, lakini kwa mzazi mwenye watoto wawili majini ni hatari halisi, kwa sababu macho yako hayapenyi katikati ya vichwa hamsini vilivyolowa.

Hatua ya 3: Piga simu kituoni kabla ya kununua tiketi yoyote

Bei na siku za kufungua zilizoandikwa mtandaoni mara nyingi ni za zamani. Piga simu, uliza haya, uandike majibu pamoja na jina la aliyekujibu:

Kiingilio cha mtoto hupimwa kwa umri au kwa kimo? Mtu mzima asiyeogelea, kama vile bibi au dada wa kazi, hulipa kiasi gani? Ni siku gani kituo hufungwa, na je, kuna siku iliyotengwa kwa wanawake tu? Chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa kuingia? Kuna makabati ya kufungia mizigo? Mnapokea malipo ya simu au fedha taslimu pekee? Na hili husahaulika kuliko yote: mabwawa na mitelezo ya watoto wadogo inafanya kazi wiki hiyo, au iko kwenye matengenezo?

Baada ya simu hiyo ndipo upange bajeti. Igawe katika mafungu manne, yaani nauli, malazi, kiingilio na chakula, kisha tenga akiba ya walau moja ya kumi kwa ajili ya teksi ya ghafla na dawa. Fungu la chakula ndilo linalodanganya, kwa kuwa mtoto anayecheza majini huhisi njaa kila baada ya muda mfupi, na soda moja ya ndani ya kituo haina bei ya duka la mtaani kwenu.

Hatua ya 4: Panga usafiri, na ujue tofauti ya Mbezi mbili

Kwa watoto wadogo, treni ya SGR inalishinda basi. Safari ya takribani kilomita 450, ambayo kwa barabara hula sehemu kubwa ya siku, kwa treni huchukua muda wa saa nne au pungufu, choo kiko ndani ya behewa, na mtoto anaweza kusimama akatembea. Nauli ya kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, mwaka 2024 kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na bure kwa aliye chini ya miaka 4. Hakiki nauli ya siku unayosafiri, ununue tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja, na uwe na namba za vitambulisho mkononi unapokata. Kwa mtoto anayesafiri bure, fikiria mapema nani atampakata. Mzazi mmoja mwenye watoto wawili wa kupakatwa hatafika salama kiakili.

Ndani ya behewa kuna ubaridi wa kiyoyozi, na hapo ndipo sweta linapofanya kazi. Kama mtabeba zabibu, ambazo mtu wa Dodoma hawezi kuziacha, kata kila punje kwa urefu wake katika vipande vinne kwa ajili ya walio chini ya miaka 5. Punje nzima ya zabibu ina umbo na ulaini wa kuziba koo la mtoto sawasawa, na mtikisiko wa safari hausaidii. Karanga nzima waachie wakubwa.

Wanaokwenda kwa basi hushuka kwenye Stendi Kuu ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyoko Barabara ya Morogoro. Hapa ndipo wageni wengi hupotea: Mbezi Luis si Mbezi Beach. Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, karibu na Kunduchi, na kati ya Mbezi hizo mbili kuna mwendo mrefu wa kupitia Goba. Ukimwambia dereva "Mbezi" bila kuongeza neno, unaweza kukuta umezungushwa na watoto wamelala mabegani. Taja jina kamili la mtaa kila mara.

Onyo: ujio wa treni umewashawishi baadhi ya wazazi kwenda asubuhi na kurudi usiku huohuo. Kwa watu wazima inawezekana. Kwa mtoto wa miaka 4, ambaye kwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ni adhabu. Siku ya kwanza iwe ya safari tu, ya pili ya michezo, ya tatu ya kurudi.

Hatua ya 5: Lala karibu na kituo, hata kama shangazi yuko Mbagala

Hili ni gumu kulisema mbele ya ndugu. Kulala kwa shangazi hakulipiwi, watoto watawaona binamu zao, na kukataa kunaweza kuonekana ni dharau. Hata hivyo, kutoka Mbagala au Gongo la Mboto hadi Kunduchi ni kulivuka jiji zima asubuhi ya foleni, na watoto watafika wakiwa wametumia nguvu zao zote kwenye kiti cha nyuma.

Suluhisho ninalolipendekeza ni kulala nyumba ya wageni au hoteli ya kawaida upande wa Mbezi Beach, Kunduchi au Tegeta usiku wa kuamkia michezo, halafu usiku wa pili mwende kwa shangazi mkiwa na zawadi ya zabibu na hadithi za kusimulia. Mpigie mapema umweleze, tena mpigie wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Unapokata chumba, uliza kama kuna chandarua na maji ya moto. Malaria ya pwani haipaswi kuchukuliwa kirahisi na familia iliyozoea ukavu wa Dodoma.

Utajua umefanikiwa ikiwa kutoka kitandani hadi getini hamtahitaji zaidi ya nusu saa.

Hatua ya 6: Fanya jaribio hapahapa Dodoma

Wiki mbili kabla ya safari, wapeleke watoto Chinangali Park au eneo lingine la michezo, halafu siku nyingine kwenye bwawa la hoteli linaloruhusu wageni wa kulipia. Uangalie mambo ambayo hayaonekani nyumbani. Nani anaogopa maji yakimrukia usoni? Nani hukimbia bila kugeuka nyuma? Nani anaweza kungoja zamu yake? Baada ya muda gani mdogo anaanza kulia bila sababu?

Muda huo wa mwisho uandike daftarini, kwa sababu ndio utakaoamua urefu wa siku yenu Kunduchi. Ikiwa anaharibikiwa baada ya saa mbili za kucheza, panga mapumziko baada ya saa moja na nusu.

Hatua ya 7: Wekeni kanuni za maji kabla ya kuyaona maji

Mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo wake unapanda na kushuka kwenye uso wa maji, hapati pumzi ya kuita, na mikono yake inasukuma maji chini badala ya kupunga. Kwa mtu aliyekaa kando akinywa soda, anaonekana kama anacheza. Jambo hilo hutokea kwa dakika chache, tena katika maji yasiyofika kiunoni mwa mtu mzima, hata yale ya bwawa la vichanga.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni umbali wa mkono: mtoto asiyejua kuogelea akiwa majini, mtu mzima yuko majini pamoja naye, na anaweza kumgusa bila kupiga hatua. Kukaa kwenye kiti pembeni hakuhesabiki.

Kanuni ya pili ni zamu. Watu wazima wakiwa wengi, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama, na matokeo yake hakuna anayetazama. Gaweni zamu za dakika 20, na anayepokea atamke kwa sauti, "Sasa ninao mimi." Aliye zamu hashiki simu, hapigi picha, hazungumzi na jirani. Usimkabidhi kazi hii kaka wa miaka 9, na usiwahesabu waokoaji wa kituo kuwa walezi wako. Wao wanalinda bwawa zima.

Kanuni ya tatu ni ya kupotea. Mkiingia tu, chagueni mahali pa kukutania panapoonekana kutoka mbali, mpeleke kila mtoto apaguse kwa mkono wake. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa ile kalamu ya wino, lakini usiandike jina lake, maana jina humfanya mgeni aonekane anamfahamu. Mpige picha asubuhi akiwa na nguo atakazoingia nazo. Akipotea, anzeni kumtafuta majini, kisha nchi kavu.

Onyo: mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo. Waite waokoaji papo hapo, aanze kupuliziwa pumzi na kukandamizwa kifua na aliyefundishwa, na mtu mwingine apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112. Hata akizinduka na kuonekana mzima, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Wapake watoto losheni nusu saa kabla ya kutoka, kisha rudia kila baada ya saa mbili na kila wanapojifuta kwa taulo. Wapewe kifungua kinywa cha kushiba. Fikeni getini wakati wa kufungua, kwa kuwa saa ya kwanza ndiyo yenye maji tulivu na foleni fupi.

Anzeni na bwawa la kina kifupi, hata kama mkubwa anavuta mkono kuelekea mitelezo. Mtoto aliyeogopeshwa na mtelezo wa kwanza hutumia siku nzima akiwa amekumbatia shingo yako, na kiingilio chake hakirudishwi. Mzazi mmoja akishuka na mkubwa, mwingine abaki na mdogo.

Ifikapo saa sita, tokeni majini. Jua limekaa utosini na watoto wamechoka bila kujijua. Wavalishe nguo kavu, wale, wanywe maji, na mdogo alale kivulini. Midomo ikiwa ya zambarau au mtoto akitetemeka, mtoe majini hata kama anapinga. Rudini kuanzia saa tisa hivi kwa kipindi cha pili kifupi.

Pampasi ya kawaida hunyonya maji ya bwawa mpaka ikapasuka. Tumia ya kuogelea, na uibadilishe mara kwa mara chooni. Mtoto anayeharisha asiingie majini kabisa, kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wa wenzako.

Utajua siku imekwenda vizuri ikiwa mnatoka getini watoto wakiwa bado wanaomba kurudi mara moja tu. Ukingoja hadi waombe wenyewe kuondoka, umechelewa, na foleni ya jioni ya Barabara ya Bagamoyo itakumalizia kazi.

Hatua ya 9: Kurudi na wiki zinazofuata

Waogeshe watoto kwa maji safi na sabuni kabla ya kulala, na uwakaushe masikio kwa ncha ya taulo bila kuingiza vijiti vya pamba. Sikio likiuma linapoguswa siku moja au mbili baadaye, nenda kituo cha afya.

Siku ya tatu msipange jambo lolote kabla ya treni. Fikeni stesheni mapema, na chakula cha njiani kiwe kikavu na cha kawaida, chapati au mkate, baada ya siku ya chipsi na aiskrimu.

Mkishafika Dodoma, endelea kuangalia joto la mwili wa kila mtoto kwa muda wa mwezi mmoja. Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, hivyo homa ya wiki ya pili isichukuliwe kuwa ni uchovu wa safari. Mpeleke mtoto akapimwe siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu, hata kama hajauliza, kwamba mlilala Dar es Salaam na tarehe mliyolala huko.